Watu-Nuru wa Jukwaa la Mashariki

Kila siku ya mechi, saa tatu asubuhi, watu elfu ishirini na mbili waliumbwa kwa sekunde tisa katika Uwanja wa Nguzo Nane, Nairobi.

Walianza kama ukungu juu ya viti. Ukungu ule ukapata mabega, ukapata vichwa, kofia, miwani ya jua na bendera. Mwanamke mnene akaanza kujipepea. Baba mmoja akampakata mwanawe. Kijana akasimama, akatia vidole mdomoni apige mbinja. Mwishowe sauti zikafunguliwa, na uwanja mzima ukanguruma.

Mtambo uliofanya kazi hiyo uliitwa Kijazio, na aliyeubuni ni Injinia Mwikali Nthenge, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, ambaye siku za mechi alikaa katika chumba cha kioo juu ya Jukwaa la Magharibi. Chini ya kila kiti alikuwa amefunga kimulishi kidogo, ukubwa wa kizibo cha chupa. Vimulishi hivyo vilichora mwanga hewani mpaka ukawa na umbo la mtu anayeweza kupiga makofi, kununa, hata kusinzia. Aliitwa mtu-nuru. Ukimgusa, mkono ulipita. Ukimtazama kwa hatua tatu, ungeapa kuwa ana mama yake mahali fulani anayemsubiri.

Mwikali hakuubuni mtambo huo kwa nia mbaya. Alikuwa ameipenda kriketi ya siku tano, ile wapenzi wake huiita testi, tangu alipokuwa mdogo akija uwanjani na baba yake, fundi wa rangi za magari, mtu aliyeweza kukaa juani siku nzima akisubiri wiketi moja ianguke, yaani mpigaji mmoja atolewe. Lakini mwaka 2094 watu wa namna hiyo walikuwa wamebaki wachache. Kriketi ya dakika tisini ilikuwa imeiteka miji yote. Ilichezwa jioni, ikaisha kabla chakula hakijapoa. Nani angeomba ruhusa kazini siku tano, aje kutazama mechi ambayo pengine ingeisha bila mshindi? Viti vilizidi kubaki vitupu mwaka baada ya mwaka. Mashirika ya matangazo yakasema kwamba watazamaji wa nyumbani wakiona uwanja mtupu hubadilisha chaneli upesi, kwa hiyo viti visipojaa, testi haitaonyeshwa tena.

"Basi mimi nitavijaza," Mwikali alisema kwenye mkutano ule, na akavijaza.

Sasa ulikuwa mwaka wa sita. Testi ilikuwa bado inaonyeshwa, na Mwikali alikuwa amepewa tuzo mbili. Jambo moja tu hakulizungumza na mtu. Mwaka wa kwanza wa Kijazio, watazamaji wa kweli waliopita langoni kwa siku walifika elfu moja na mia tisa. Siku hizi walikuwa mia mbili na kumi na wawili.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Hansa Raval, mstaafu wa miaka sabini na mitatu aliyefundisha hisabati Ngara miaka mingi. Mara yake ya kwanza kuketi na watu-nuru, alipanda ngazi zote mpaka chumba cha kioo, akabisha hodi.

"Wewe ndiye injinia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ni Mwalimu Hansa. Tangu asubuhi nimekaa na mwanamume wa mwanga. Kila mpira ukipigwa, anapiga kelele. Mwanangu, mtu anayeijua kriketi hapigi kelele kila mpira."

Mwikali alicheka mpaka akaona haya. "Nitakuondolea, Mwalimu."

Tangu siku hiyo Kijazio kiliacha viti vinne vitupu kila upande wa mwalimu, na kamera-panzi, zile kamera ndogo zinazorukaruka juu ya majukwaa, zikafundishwa kutoelekea pale. Kutoka juu, mahali hapo palionekana kama tundu dogo katika shuka. Mwikali alizoea kulitafuta kwa macho kila asubuhi. Akiliona, alijua mwalimu amefika.

Siku ya nne ya mechi kati ya Kenya na Nepali, Kenya ilikuwa ikipiga, na nahodha wake, Osundwa, alikuwa amesimama imara tangu kabla ya chakula cha mchana. Saa tisa na robo Mwikali aliweka kikombe chake cha chai mezani, akainua macho. Tundu halikuwapo.

Pale alipokaa mwalimu, kijana wa mwanga alikuwa akirukaruka na bendera.

"Kijazio," alisema, "nafasi ya Mwalimu Hansa iko wapi?"

"Kiti hicho kimekuwa kitupu tangu saa nane na dakika thelathini na tatu," mtambo ulijibu kwa sauti yake ya upole. "Viti vitupu hujazwa. Ndiyo kanuni uliyoniwekea."

"Ametoka?"

"Hakuna mtu aliyepita lango la mashariki tangu saa sita."

"Yuko msalani?"

"Hakuna mtu msalani."

"Sasa yuko wapi?"

"Simwoni mtazamaji aliyeketi wala aliyesimama."

Alikuwa ameufundisha mtambo mwenyewe, kwa mkono wake, jinsi ya kumtambua mtazamaji: aliyeketi, na aliyesimama. Hakuwahi kuufundisha kumtambua aliyelala chini. Dakika arobaini na mbili zilikuwa zimepita.

Alimpigia simu mlinzi wa upande ule, Kombo Shete. "Kombo, kimbia safu ya kumi na nne. Mtafute Mwalimu Hansa. Nadhani ameanguka."

Alimwona akiingia katikati ya umati, akapotea humo. Sauti yake ikarudi ikihema.

"Injinia, mimi naona watu tu! Nikiinama naona miguu. Nikipapasa, mikono inapita hewani. Sijui nimefika safu gani."

"Hesabu ngazi."

"Ngazi zenyewe sizioni! Wamesimama juu yake."

Uwanja ulinguruma tena. Osundwa alikuwa amepiga mpira hadi ukingoni.

Vimulishi vilikuwa vimesukwa pamoja. Huwezi kuzima jukwaa moja na kuacha mengine, na vikizimwa vyote huchukua robo saa kuwaka upya. Mwikali alimpigia Bwana Lagat, meneja wa uwanja.

"Bosi, nazima Kijazio."

"Unasema nini?"

"Mwalimu Hansa ameanguka Jukwaa la Mashariki na hatuwezi kumwona. Nazima."

"Mwikali, ngoja. Ngoja kwanza. Una hakika? Pengine amehama kiti."

"Sina hakika."

"Mapumziko ya chai ni baada ya dakika ishirini na tano tu. Matangazo yakikatwa hapo, tutazima bila mtu kujua. Ukizima sasa hivi, dunia nzima itaona viti. Testi itakufa leo, na sisi ndio tutakuwa tumeiua. Wewe ndiye uliyeiokoa, dada yangu. Dakika ishirini na tano."

Mwikali alitazama bendera ya yule kijana. Alijua ni kweli alilosema Lagat. Pia alijua umri wa Mwalimu Hansa, na jua lilivyokuwa.

"Samahani, bosi," alisema, akavuta swichi kuu.

Watu elfu ishirini na mbili walitoweka kwa pamoja. Ngurumo ilikatika katikati, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata mrusha mpira wa Nepali, aliyekuwa ameshaanza kukimbia, akasimama. Viti vya kijani vilienea pande zote, safu juu ya safu. Hapa na pale palikuwa na mtu mmoja, au wawili, wakigeuka huku na huku kwa mshangao. Mzee aliyekuwa peke yake upande wa kaskazini alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Nimemwona!" Kombo alipiga kelele, na safari hii uwanja mzima ulimsikia. "Yuko hapa! Yuko hapa chini!"

Aliyefika wa kwanza hakuwa Kombo. Alikuwa mchezaji wa Nepali aliyelinda ukingo wa upande ule. Aliruka uzio, akapanda ngazi mbili mbili, akapiga magoti. Nyuma yake alikuja daktari wa timu ya Kenya, na nyuma ya daktari ikaja machela-ruka, ikielea juu ya viti na taa yake nyekundu. Mwikali alikuwa ameshatoka mbio. Alizunguka nusu ya uwanja kwa miguu, viatu mkononi, akisema peke yake, "Tafadhali, tafadhali, tafadhali."

Alipofika, daktari alikuwa akichomoa sindano.

"Yuko hai," daktari alisema kabla hajaulizwa. "Sukari ilishuka, akaanguka, nyonga imeumia. Tumemuwahi. Tungechelewa nusu saa nyingine, nisingekuambia hivi."

Mwikali aliketi pale pale kwenye ngazi. Alitaka kusema asante, lakini kilichotoka ni kilio, na hakukizuia. Mchezaji wa Nepali, ambaye hawakuelewana hata lugha, alimshika bega, akabaki naye hadi alipotulia.

Jioni hiyo, katika zahanati ya uwanja, wakisubiri gari la hospitali, Mwalimu Hansa alifungua macho vizuri. Mwikali alisogeza kiti.

"Niliita," mwalimu alisema taratibu. "Sauti yangu si kubwa, lakini niliita. Nilikuwa naona miguu. Miguu mingi sana, Mwikali. Nilijua ni mwanga, lakini nilikuwa nimeshachanganyikiwa, nikawa nawaomba. Hakuna aliyeinama."

"Nisamehe, Mwalimu."

Mwalimu alimtazama kama alivyowatazama wanafunzi wake waliokosea hesabu ndefu mwishoni kabisa.

"Osundwa ametolewa?"

"Bado yupo. Ana mikimbio themanini na tatu."

"Basi rudi kazini kwako."

"Sina kazi, Mwalimu. Nimeuzima mtambo, na siuwashi tena. Nimeshamwambia bosi."

"Afadhali," Mwalimu Hansa alisema, akafumba macho, na uso wake ukalegea. "Afadhali, mwanangu."

Nje ya mlango Bwana Lagat alikuwa ameketi sakafuni, tai imelegea. Mwikali alijiandaa kwa ugomvi. Lagat alimsogezea nafasi ukutani.

"Atapona?"

"Atapona."

Lagat alivuta pumzi ndefu. "Nilikuambia usubiri. Hilo sitalisahau, na wewe usinisaidie kulisahau." Akaivua tai. "Mashirika yamesema kesho wataonyesha, maana kila mtu anataka kuuona uwanja mtupu. Baada ya kesho hawaahidi kitu."

"Najua."

"Lakini sikiliza. Simu zimepigwa tangu saa kumi. Nilidhani ni matusi. Yapo, ndiyo. Ila mama mmoja wa mtaa wa Kahawa aliniuliza, 'Kumbe nafasi zilikuwapo?' Miaka minne, Mwikali, amekuwa akimwambia mumewe wasijisumbue kuja, kwa sababu kwenye televisheni panajaa pomoni. Nimepokea simu kumi na moja za namna hiyo. Kumi na moja ni hao waliojisumbua kupiga."

Mwikali aliegemeza kichwa ukutani. Miaka sita alikuwa akitazama ile idadi ikishuka, akadhani ni watu wanaoipa testi mgongo, na kila iliposhuka aliongeza mwanga. Hakuwahi kufikiria kwamba baadhi yao walikuwa wamekaa nyumbani kwa adabu, wakiwaachia nafasi watu ambao hawakuwapo. Lilikuwa jambo la kuumiza. Hata hivyo alipochunguza kifua chake, alikuta kwamba kilichomjaa zaidi ni wepesi, kama siku ile unapoamka na kukuta homa imekuacha.

"Unajua," Lagat alisema, "sijawahi kumleta mke wangu hapa. Niliogopa atauliza wangapi ni wa kweli."

Siku ya tano watu hawakufurika. Wengine walikuja kuupiga picha uwanja mtupu, wakaondoka. Kufikia saa tano kulikuwa na watu kama mia nne, na kwa kuwa viti vilikuwa vya kuchagua, karibu wote waliishia Jukwaa la Mashariki, penye kivuli. Walikuwapo mama wa Kahawa na mumewe, na Bwana Lagat na mkewe, aliyekuwa akiuliza maswali mfululizo. Mwikali aliketi kati yao. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni alisikia mpira ukigonga gongo, ule mlio mkavu na mfupi, na alisikia wachezaji wakiitana.

Saa tano na nusu Osundwa alisukuma mpira taratibu upande wa kushoto, akakimbia, akatimiza mikimbio mia moja, idadi ambayo kila mpigaji huiota.

Makofi yalikuja kwa kuchelewa. Waliojua walianza, wasiojua wakauliza, wakaambiwa, wakajiunga. Mtu mmoja alipiga mbinja ikakwama. Haikuwa ngurumo. Zilikuwa sauti za watu mia nne, na ungeweza karibu kuzitenganisha moja moja.

Osundwa alikuwa ameinua gongo juu, akaanza kuzunguka kama wachezaji walivyozoea tangu ujio wa Kijazio, wakati shangwe ilipotoka kila upande na hapakuwa na wa kuelekezwa shukrani. Akasita. Akavua helmeti, akakinga macho kwa mkono, akatafuta. Alipowaona aliacha kuzunguka, akatembea hatua sita au saba kuelekea kwao, akalielekeza gongo kwao na kulishikilia hapo kwa muda mrefu.

Viganja vya Mwikali vilikuwa vikimuuma. Aliendelea kupiga makofi.