Mzunguko wa Thelathini na Tisa

Jumatatu ile kinyozi hakunyoa mtu. Mashine ilikuwa mkononi inanguruma, mteja yuko kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado ni msitu, lakini kilichokuwa kazini hasa ni mdomo.

"Thelathini na tisa!" alipiga kelele. "Mbio ni mizunguko arobaini, wamekimbia thelathini na tisa! Kuna asiyejua?"

"Kamati imesema arobaini," dereva teksi alijibu kutoka kwenye benchi, kofia ya Radi kichwani, meno yote nje. "Na kombe linatolewa na kamati, siyo na televisheni yako yenye chenga."

Duka zima likalipuka. Mtu aliyekuja kununua wembe tu alijikuta anabishana na mtu asiyemjua, wote wawili wamesimama, wembe umesahaulika.

Kila mtu alikuwa ameona. Madereva wawili, Kobe na Radi, walifika kwenye mbio za magari za mwisho za msimu wakiwa na pointi sawasawa, anayetangulia ndiye bingwa. Kobe alipewa jina hilo kwa sababu anaanza mbio kama mtu anayekwenda kulipa faini, halafu anaamka. Jumapili hiyo alimnyemelea Radi mzunguko baada ya mzunguko. Wakapita mstarini, Radi mbele, Kobe nyuma yake kama kivuli. Bendera ya mirabamiraba, ile ya kumaliza mbio, ikapepea. Wao kwa kasi na vumbi hawakuiona, wakaendelea, na kwenye kona ya mwisho ya mzunguko uliofuata Kobe akapita. Akafika wa kwanza, akashuka, akapanda juu ya gari akicheza. Ndipo alipoambiwa shuka baba, mbio zimeisha zamani, bingwa ni Radi.

Roho iliuma. Iliuma watu hata wasiojua kuendesha baiskeli.

"Mimi simlaumu Radi," sauti ya kike ilisema mlangoni.

Alikuwa dada yake kinyozi, amemletea kaka yake chupa ya chai. Alivaa sketi nyeusi na sweta jekundu la mikono mifupi alilolifuma mwenyewe, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni kama mkufu. Kazi yake ilikuwa kufuma sweta za shule, chumba chake kilikuwa ghorofani, milango miwili kutoka pale. Watu walimwita Sindano, na siyo kwa sababu ya kazi tu.

"Mimi namtaka yule wa bendera," alisema. "Yule mwenye kofia na miwani myeusi kama mwizi. Kahongwa yule! Nikimpata, hiyo bendera yake nitamfumia soksi, avae, aende nayo kaburini."

Watu wakacheka. Mteja kwenye kiti alikohoa.

"Labda alikosea tu, dada."

Sindano alimgeukia. Alikuwa kijana wa ovaroli ya bluu, kucha nyeusi kwa mpira na grisi, mgeni mtaani, fundi tairi wa gereji ya kwenye kona. Kichwa nusu nusu. Macho mapole yasiyofanana kabisa na hicho kichwa.

"Akosee? Kuhesabu mpaka arobaini? Mtoto wa chekechea anahesabu huku anatafuna!"

"Joto lile, kelele zile, magari kumi na manane..."

"Kwani wewe ni wakili wake?"

"Hapana. Mimi natengeneza tairi."

"Basi tengeneza tairi."

Duka likaanguka kwa kicheko. Fundi tairi naye akacheka, kicheko cha chini chini, halafu akauliza, "Na wewe unatengeneza nini, ukiacha ugomvi?"

"Sweta."

"Nifumie moja basi. Nipe namba nikuulizie bei."

"Nyoa kichwa kwanza upate pa kulipitishia," Sindano alimjibu. Lakini namba alitoa. Kaka yake aliona, akajifanya anatafuta poda.

*

Simu ya kwanza ilikuwa ya sweta. Ya pili ilikuwa ya rangi ya sweta. Ya tatu haikuwa na sababu yoyote.

"Unafanya nini?"

"Nafuma. Nawe?"

"Nipo chini ya lori, nakuwaza."

"Usiniwaze chini ya lori, mpenzi wangu, litakuangukia nibaki na sweta lisilo na mtu."

"Umeniitaje?"

"Nimekuita fundi."

"Umesema mpenzi wangu."

"Masikio yako yamejaa upepo wa tairi."

Wiki tatu zikapita hivyo. Jioni akitoka kazini alipita kwa Sindano, amenawa mpaka kwenye viwiko, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza, akakaa kwenye kiti kidogo kando ya mashine ya kufuma. Alikuwa msikilizaji. Kitu kimoja tu hakukipenda. Sindano hakumaliza siku bila kumtukana mtu wa bendera, na kila alipoanza, fundi tairi aliinamisha kichwa na kuchezea mabonge ya nyuzi.

"Wewe ni shabiki wa nani hasa?" alimuuliza siku moja.

"Wa amani."

"Hakuna dereva anayeitwa Amani."

Jioni ya Jumatano Sindano alimpokea na sweta mkononi, anamtikisia usoni.

"Ona ulichonifanyia! Tazama mistari ya mkononi, haikutani na ya kifuani. Mkono mmoja umepungua mstari mzima. Nilikuwa naongea na wewe kwenye simu, nikaanza kuhesabu na mstari wa kuanzia!"

"Kwani hauhesabiwi?"

"Hauhesabiwi! Huo ni wa kuzishika nyuzi tu. Unaanza kuhesabu unaofuata. Ukiuhesabu nao, kaunta ya mashine inakuambia arobaini na sweta lina thelathini na..."

Mdomo ulibaki wazi. Sweta likaanguka.

"Mungu wangu. Mzunguko wa kupasha moto!"

"Nini?"

"Yale magari! Kabla ya kuanza si huwa yanazunguka mara moja polepole kupasha moto tairi? Yakapita mbele ya yule mjinga, naye akahesabu moja! Hakuhongwa, kumbe ni zuzu tu! Alihesabu mpaka arobaini na mbio ziko thelathini na tisa!"

Fundi tairi alikuwa amesimama.

"Siyo kweli," alisema. "Nilichora vijiti vitano vitano kwenye karatasi, mafungu manane. Nilihesabu arobaini kwa mkono wangu huu!"

Mashine ya kufuma ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hapakuwa na cha kuficha lile neno. *Nilihesabu.* Lilikaa katikati ya chumba kama mgeni asiyekaribishwa.

"Wewe?" Sindano alisema polepole. "Ni wewe?"

Fundi tairi alikaa chini tena. Mwenye bendera wa siku zote aliugua, alieleza. Mwenyekiti wa kamati ndiye mwenye gereji, akamwambia kijana wangu nenda kanisaidie. Alipewa kofia, miwani, bendera na karatasi, hakupewa somo. "Magari yakaja, nikachora kijiti. Hakuna aliyeniambia yale ya kwanza hayahesabiwi. Naapa, mpaka dakika hii nilijua niko sahihi, nikawa nawaona ninyi nyote ni waonevu. Nikisikia mnasema nimehongwa nilitamani kulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa namba yako?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana lilimkasirisha zaidi.

"Umekaa hapa wiki tatu unanisikia nakutukana! Unanichekea! Unaniacha niwe mwendawazimu kwenye chumba changu mwenyewe! Kuhesabu ulikosea, sawa, hata mimi nimekosea, sweta lile pale. Lakini kunificha hukukosea. Kunificha ulikusudia."

"Mpenzi..."

"Toka. Na Jumamosi kuna rufaa ya Kobe. Ukisimama mbele ya watu useme arobaini wakati sasa unajua, usirudie kunijua."

Alitoka. Sindano alilifumua lile sweta lote, hata upande uliokuwa mzima.

*

Alhamisi fundi tairi alipiga simu mara sita. Sindano aliitazama ikiwaka na kuzima kwenye meza, akaigeuza uso chini, akaigeuza tena juu.

Ijumaa redio ya kinyozi ikatoa habari. Kamati ilikuwa imepokea maelezo yaliyosainiwa na mshika bendera, mtangazaji akayasoma neno kwa neno. "Nilihesabu mizunguko arobaini. Sina shaka hata kidogo."

"Mwongo mkubwa!" kinyozi alifoka, na mteja akashika sikio lake kwa usalama.

Sindano aliiacha chupa ya chai, akatoka. Kwa hiyo amejua ukweli Jumatano, na Ijumaa amesaini uongo. Simu ilipolia safari hii aliipokea, akiwa nje kwenye ngazi.

"Hongera. Nimekusikia redioni."

"Sikiliza, yale maelezo ni..."

"Huna shaka hata kidogo! Maneno mazuri. Uliyatunga mwenyewe?"

"Njoo kesho saa nne. Nakuomba tu uje."

"Nitakuja kwa ajili ya Kobe," alisema, na kukata.

*

Ukumbi wa rufaa ulijaa mpaka madirishani. Upande mmoja mashabiki wa Kobe, kinyozi mbele yao na sauti iliyokwisha kukauka kabla ya kuanza. Upande wa pili wa Radi, dereva teksi akipunga kofia. Sindano alikaa nyuma, gauni la kijani, mikono imefungwa kifuani, uso umefungwa zaidi. Hakuwa amemwambia kaka yake lolote.

Mwenyekiti, suti ya kijivu, tumbo limeegemea meza, alimwita mshika bendera. Minong'ono ikapita kama moto wa nyasi, kwa sababu aliyesimama alikuwa yule fundi tairi wao anayenyolewa dukani kila Jumatatu. Shati jeupe, karatasi mkononi.

"Thibitisha maelezo yako," mwenyekiti alisema, "tumalize mapema."

"Siwezi kuyathibitisha, mzee."

"Unasemaje?"

"Nilisaini jioni ile ile ya mbio, tena mliyaandika ninyi. Wakati ule niliamini. Sasa najua nilihesabu na mzunguko wa kupasha moto. Hii hapa karatasi yangu, kijiti cha kwanza ndicho hicho. Mbio zilikuwa thelathini na tisa. Sikuhongwa na mtu. Nilikosea, na naomba radhi kwa Kobe, kwa Radi, na kwenu nyote."

Jioni ile ile ya mbio. Sindano alifumba macho. Alikuwa amemhukumu kwa karatasi ya wiki tatu zilizopita, kabla hajamjua hata jina la mtaa wake.

Kelele zilipotulia, mwenyekiti hakuwa hata ameigusa ile karatasi. "Kijana amechanganyikiwa," alisema. "Hata hivyo kanuni ni kanuni. Bendera ikishapepea, mbio zimekwisha. Matokeo yanabaki. Rufaa imetupwa. Na huyu, kwa kuiaibisha kamati, asionekane tena uwanjani, wala Jumatatu asije gereji kwangu."

Radi mwenyewe aliangalia viatu vyake. Dereva teksi alivua kofia taratibu akaikunja. "Kombe gani hili," alinung'unika. "Hata kushangilia sasa naona haya."

Ndipo Sindano alipojikuta amesimama juu ya kiti.

"Mwenyekiti! Yaani mmemsikia akisema kweli, na adhabu mmempa yeye? Mnampa mtu bendera bila kumfundisha, mnamwandikia maneno asaini, akisema ukweli mnamfukuza kazi? Wiki tatu nzima mimi ndiye niliyemtukana kuliko wote hapa. Nilisema kahongwa. Leo nawaambia, ukumbi mzima huu mwenye haya ni yeye peke yake!"

"Mtoeni huyo mwanamke!"

"Naondoka mwenyewe! Hewa yenu inanuka!"

*

Nje watu walikuwa wameziba geti. Hasira haikuwa na pa kwenda, mwenyekiti alitoka kwa mlango wa nyuma, basi fundi tairi alipotokea peke yake, koti begani, ikampata yeye.

"Huyo hapo! Aliyetuuzia ubingwa!"

Kinyozi alitangulia, mikono ya shati imekunjwa. "Wewe! Umekaa kwenye kiti changu, umekunywa chai yangu, unanisikiliza naumia, kimya!"

"Una haki, kaka," fundi tairi alisema. Hakurudi nyuma. Hakuinua hata mkono kujikinga, na hilo ndilo lililomchoma Sindano moyoni kuliko yote. Alipenya kati ya mabega ya watu, kiatu kimoja kikabaki njiani, akasimama mbele ya kaka yake.

"Usimguse."

"Dada, ondoka hapo. Huyu ndiye aliyempokonya Kobe kombe!"

"Ndiye. Na ndiye aliyesimama leo kulirudisha, wakubwa wakakataa. Wewe lini umekubali kosa lako mbele ya watu watatu, achilia mbali mia tatu? Usimguse, nasema. Huyo ni shemeji yako."

Kinyozi alishusha mkono, akamtazama dada yake, akamtazama fundi tairi, kama mtu aliyenyolewa nusu.

"Shemeji yangu?"

"Shemeji yake?" fundi tairi naye aliuliza, sauti imekauka. "Mimi? Sina kazi, sina jina, mji mzima unanichukia. Na juzi ulinifukuza."

"Nilikuhukumu bila kukusikiliza, kama wale wa mle ndani. Nisamehe." Macho yalimjaa machozi, lakini kidevu alikiinua vile vile. "Hutanificha kitu tena?"

"Hata ncha ya sindano."

"Basi hukumu yangu ndiyo hiyo nimeshaitoa. Una rufaa?"

Fundi tairi alimtazama, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, tepu imesahaulika shingoni juu ya gauni zuri. Akainama, akaokota kile kiatu katikati ya miguu ya mashabiki, akakipangusa vumbi kwa shati lake jeupe.

"Sina," alisema.