Pikapu Iliyoshushwa kwa Ajili ya Koko

Kila Jumapili, nyumbani kwa kina Evodie huko Kalemie, safari ya misa ilianza kwa kazi ya kumpakia Koko. Koko Pétronille, bibi yake Evodie, alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Pikapu ya Papa Kizito, baba yake Evodie, ilikuwa imeinuka mno, hivyo Papa alimvuta kwa mbele na Jovial, kaka mkubwa ambaye Evodie alimwita Yaya, akamsukuma kwa nyuma.

“Polepole! Mimi si gunia ya muhogo!” Koko aligomba, na majirani wakacheka.

Koko naye alicheka. Lakini Jumapili moja alimnong'oneza Evodie, “Juma lijalo nitabaki nyumbani. Nimechoka kubebwa mbele ya watu.”

Evodie aliumia sana, maana alimpenda Koko kupita kiasi. Papa aliposafiri kwa boti kwenda Moba, Evodie alimwendea Jovial, aliyekuwa akijifunza ufundi wa magari.

“Yaya Jovial, huwezi kuishusha gari kidogo?”

“Kushusha? Hiyo njo kazi ndogo!” Jovial alijigamba.

Springi za pikapu hiyo zilikuwa vyuma bapa vilivyolaliana juu ya kila gurudumu. Jovial alitoa vyuma kadhaa kila upande, akavificha nyuma ya jiko, na gari likakaa chini. Jumapili, Jovial akiwa kwenye usukani, Koko alishika mlango, akapanda mwenyewe, akawapungia majirani mkono kama bibi harusi. Furaha ya Evodie haikuwa na kifani.

Papa aliporudi, aliizunguka pikapu akiikodolea macho. “Gari imekuwa fupi. Muliigusa?”

Jovial alitupia jicho nyuma ya jiko. Evodie akajibu haraka, “Tulipunguza tu upepo wa matairi, Papa.”

Papa alimwamini, kwa kuwa Evodie hakuwahi kumdanganya.

Asubuhi iliyofuata Papa alipakia mifuko ya saruji ya kupeleka kijiji kimoja kwenye njia ya Nyunzu. Huko angepakia mahindi na kurudi nayo kwa trela. Koko alikuwa ameshakaa mbele, tayari kwenda kumsalimia dada yake. Kila mfuko ulipoongezwa, bodi ilizidi kushuka, mpaka Evodie akaona inakaribia kulalia tairi. Na trela, ambalo lingeongeza uzito, lilikuwa bado halijafungwa nyuma.

Evodie aliwaza haraka. Akisema, Koko atarudi kubebwa. Akinyamaza, Koko yumo ndani ya gari hilo.

“Papa, simama!” alilia. “Nilisema uongo! Yaya alitoa vyuma vya springi. Mimi njo nilimuomba, kwa ajili ya Koko.”

Papa aliinama chini ya gari, akavipapasa vyuma vilivyobaki. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mkali.

“Vyuma hivyo njo vinabeba muzigo, Jovial! Muliipima gari na Koko peke yake. Kwani Koko ana kilo ngapi?”

“Usiulize!” Koko alijibu toka ndani.

Papa alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akasema kwa upole, “Tairi ingesuguana na bodi mpaka ipasuke njiani.”

“Basi Koko atabebwa tena?” Evodie aliuliza, machozi yakimtoka. “Anaona haya, Papa.”

Papa alimgeukia Koko, mama yake mzazi. Hilo hakuwa amelijua.

“Jovial, lete vyuma vyote,” alisema. “Mwenye gari wa kwanza alikuwa anapita kwenye barabara ya matope ya huko Pepa. Aliweka vipande vinene vya chuma kati ya ekseli na springi ili gari iinuke. Mimi sipiti huko. Tutatoa vipande vile, na springi itabaki nzima.”

Siku hiyo safari ilivunjika. Baba na mwana walishusha saruji, wakafungua na kukaza boliti mpaka jioni. Kesho yake walipakia saruji yote na kufunga trela. Bodi ilishuka kidogo tu, ikatulia mbali na matairi. Koko akafungua mlango na kupanda mwenyewe.

Alimwita Evodie akae karibu naye, akamshika mkono.

“Mutoto wangu, uliomba gari ishushwe kwa sababu unanipenda. Asante. Lakini jana, ulipokubali kusema ukweli hata kama ningerudi kubebwa, hapo njo nilijua unanipenda kweli. Usimdanganye tena mutu ili kumufurahisha. Ungenyamaza, ningepanda mwenyewe, nikacheka, nikaenda kuumia.”

Evodie aliitikia kwa sauti ndogo, na Papa akawasha gari.