Chupa Haikurudi Tupu

Mzee Leodgar alikutwa amelala kifudifudi jikoni kwake, Gongoni, saa moja asubuhi, shati limelowa jasho. Alikuwa fundi wa reli mstaafu, mwenye kisukari kwa miaka tisa, na hakuwa mtu wa kugombana na yeyote.

Inspekta Ngollo alipiga magoti pembeni ya mwili. Hakuna jeraha. Hakuna povu mdomoni. Mezani kulikuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari na chupa ya asali iliyobakiza vidole viwili vya maji ya kijani. Akavaa glovu, akabonyeza mashine. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha saa kumi na mbili na dakika arobaini: moja nukta tano.

"Hiyo ni ndogo, afande?" aliuliza konstebo.

"Hiyo inaangusha ng'ombe," alijibu Ngollo, kisha akajuta kujibu upesi hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa na kisukari tangu mwaka juzi, na kituo kizima hakuna aliyejua. Vidonge vyake alivimeza chooni, mlango umefungwa.

Mjane, Mama Marcelina, alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni.

"Pole sana, mama. Chupa ile imetoka wapi?"

"Ni yetu. Juzi niliipeleka kwa Mzee Fakhrudin, jirani, imejaa asali ya Sikonge. Jana ikarudi na juisi ya karela. Wale hawarudishi chombo kitupu, na sisi vilevile. Mwaka wa ishirini huu."

"Marehemu aliinywa saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya kutia kitu tumboni. Ndivyo Mzee Fakhrudin alivyomwelekeza."

"Na vidonge vyake vya hospitali?"

"Alimeza pia. Mimi nikaenda Misa. Nimerudi, nimemkuta hivyo."

Fakhrudin alimjua kila mtu, na kila mtu aliijua karela yake. Kwa miaka miwili, mteja aliyekwenda dukani kwake kununua misumari alitoka na misumari na mahubiri juu ya tunda lile lenye vinundu, chungu kuliko kwinini, lililomponya sukari. Kufika adhuhuri watu walikuwa wamejazana mbele ya duka. Walisema Mhindi kamlisha jirani sumu. Ngollo akamweka mahabusu, nusu kwa upelelezi, nusu kwa usalama wake.

"Ulitia nini kwenye juisi?"

"Karela, maji, chumvi kidogo! Mimi nakunywa hiyohiyo. Sukari yangu sita, kila mwezi sita."

"Nani anaitengeneza?"

"Mke wangu, Sakarbai, anasaga. Mimi nilijaza chupa tu kutoka jagi la kwenye friji."

"Na vidonge vyako?"

"Niliacha zamani. Sakarbai anavichukua kliniki ili daktari asinigombeze. Anavitupa."

Daktari aliyeupima mwili alisema karela peke yake haimwangushi mtu namna ile kwa asubuhi moja. Sampuli ilipelekwa kwa Mkemia, na majibu yangechukua wiki kadhaa. Hayakuhitajika.

Kesho yake asubuhi Bi Sakarbai alifika kituoni na kapu la chakula cha mumewe. Sheria ya mahabusu ni moja: mleta chakula aonje mbele ya askari. Akaonja wali. Akaonja dengu. Akamega chapati. Alipofika kwenye chupa ya juisi, mkono ukasimama.

"Onja, mama," alisema konstebo.

"Chungu mno."

"Tone tu."

"Tumbo linaniuma."

Ngollo alikuwa mlangoni. Akaichukua chupa, akamkaribisha mama ofisini, akafunga mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Humu mna nini?"

"Karela."

"Na nini tena?"

Ngollo akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Wiki iliyopita mzee alinipa glasi dukani. Mimi pia nina kisukari, mama, na nilikuwa nimeshameza vidonge vyangu. Baadaye nikatetemeka mwili mzima. Nikanywa soda mbili nimejificha nyuma ya gari."

Bi Sakarbai akainua macho. "Hukumwambia mtu?"

"Sikumwambia."

Akalia, na maneno yakatoka yenyewe.

"Ni vidonge vyake. Navisaga, sita kwa jagi la siku tatu. Alikataa kabisa kuvimeza, na kidonda cha mguuni kilikuwa hakifungi. Ningefanya nini? Kidonda kikapona. Akafurahi, akaanza kuwatangazia watu msikitini, sokoni, kila mahali. Wakampa jina la daktari. Ningemwambiaje kwamba ni vidonge vilevile alivyovitukana?"

"Chupa ya Mzee Leodgar uliiona ikitoka?"

Akajifuta machozi.

"Niliiona. Marcelina aliipokea mwenyewe mlangoni kwetu. Nilijua mumewe anameza dawa za hospitali. Nikafungua mdomo."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, ainywe ikiwa baridi."

Ngollo akaweka kalamu chini.

"Mume wangu alikuwa amesimama pale, anacheka," aliendelea. "Nikaona aibu kumwumbua. Nikasema nitakwenda asubuhi nimnong'oneze Marcelina peke yake. Asubuhi nikasikia kilio."

Alisaini maelezo yake kwa mkono uliotulia. Hakuuliza habari ya kesi wala kifungo.

"Fakhrudin ataambiwa?"

"Itasomwa mahakamani, mama. Mbele ya watu."

Akajifunika uso kwa ushungi wa rida yake, akatolewa.

Ngollo alibaki akiitazama ile chupa. Wiki nzima alikuwa na jibu mwilini mwake. Angekwenda hospitali siku ile, akasema alichokunywa na wapi, Leodgar angekuwa hai. Hakwenda, kwa sababu wauguzi wa pale wameolewa na askari wake. Sasa aliona haya hata kukaa kwenye kiti kile cha mpelelezi.

Akamwita konstebo.

"Peleka jalada hili kwa mkuu wa upelelezi, ampe mpelelezi mwingine. Halafu lete karatasi, uandike maelezo ya shahidi."

"Shahidi gani, afande?"

"Mimi. Anza na ugonjwa wangu."