Kopo la Vifungo

Nikisikia cherehani popote, namkumbuka mama. Alishonea barazani kwetu, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, utani ukipita katikati ya pini. "Fundi akiinuka, mteja anaondoka," alizoea kusema. Basi asubuhi kikombe kimoja cha chai, kisha hanywi kitu hadi jioni. Haja ndogo aliibana mpaka amalize pindo.

Msimu mmoja wa sare za shule, nilimwona anakwenda msalani kila mara. Anarudi amekunja uso. Dakika chache, huyoo tena.

"Mama, unaumwa?"

"Joto tu. Hebu washa pasi."

Kumbe akikojoa alihisi kuungua. Aliona haya kusema, akiogopa watu watafikiria mengine. Ndani ya kopo la vifungo kulikuwa na vidonge vinne vilivyobaki nilipougua jino. Akameza viwili. Alipopata nafuu kidogo, akajiona daktari.

Siku tatu baadaye alikuwa anatetemeka kwa homa, na bado anashona. Jirani yetu muuguzi alikuja kuchukua gauni lake la kazi. Akalitazama, akamtazama mama.

"Fundi, mshono umepinda. Huu si wako. Una nini?"

Mama akatoa pini mdomoni. "Nikienda haja ndogo naungua, dada yangu. Na sasa mgongo, huku chini ya mbavu."

"Umekunywa dawa?"

Mama akainamia pindo. Mimi nikaleta kopo.

Muuguzi hakumcheka. "Hili halina aibu. Mara nyingi ni vijidudu kwenye njia ya mkojo, na sisi wanawake ndio hutusumbua zaidi. Dawa ya jino si ya huku. Mtu akiungua tu, aende akapimwe mkojo. Akiwa na homa, akitapika, akiumwa mgongo au akiona damu, asingoje kesho. Huenda vimefika kwenye figo. Mjamzito, mtoto na mwanamume nao, wakiungua, wasikae nyumbani."

"Na hizi sare je?"

"Zitangoja. Figo haitiwi kiraka, fundi. Inuka twende!"

Nilimshika mkono hadi kituo cha afya. Niliogopa sana, nilikuwa na mama tu. Walimpima mkojo, wakamchoma sindano, wakampa vidonge. "Meza vyote," daktari alisema, "hata ukijisikia umepona. Na maji unywe, haja usiibane."

Alivimaliza vyote. Tangu hapo chupa ya maji ilikaa kando ya cherehani, na haja ikimbana anaacha pindo katikati. Vile vidonge viwili vya jino vilivyobaki nilivirudisha duka la dawa mwenyewe.

Mama alinishonea gauni la harusi, akawashonea na wajukuu. Kopo lile ninalo mimi sasa. Nikilitikisa, nasikia vifungo vitupu, na machozi hunilengalenga. Miaka yote ile fundi aliinuka, na mteja hata mmoja hakuondoka.