Zawadi ya Maharusi wa Treni ya Bar

Relja Vukas aliinamia usukani wa pikipiki yake, BMW nyeusi, akalipita lori la magogo kwenye kona ambayo mwenye akili timamu hapiti.

Juu yake, ubavuni mwa mlima, treni ya kwenda bandari ya Bar ilitoka kwenye handaki moja na kuingia jingine.

"Shemeji, umemwona bibi harusi?" Sauti ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni.

"Namwona. Yuko juu yangu."

"Muwahi stesheni ya Kolašin. Ukimkosa hapo umemkosa kabisa."

Alikuwa Kanali Stana Bogić, mkuu wake katika Idara ya ujasusi, na "bibi harusi" kwa mafumbo yao ilikuwa treni. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Relja akaongeza moto.

Mtu waliyemfuata aliitwa Kosta Maras. Pale Belgrade, ukitaka kumpeleka mkeo fungate kwa treni, ulikwenda kwa Maras. Alijua reli ipi inapita kando ya bahari jua likizama, na stesheni ipi inauza bureki za nyama za moto. Akishawapangia safari, aliwapa maharusi kreti ya rakija, pombe kali ya plamu, na ombi moja dogo: mfikishieni rafiki yangu mwenye hoteli kule Bari, ng'ambo ya bahari.

Nani anapekua mizigo ya maharusi?

Safari hii chupa hazikuwa na rakija tupu. Zilikuwa na sumu isiyo na rangi wala harufu, iliyokusudiwa kumiminwa kwenye tangi la maji ya mji mzima wa Bari. Wageni waliomlipa Maras, Idara haikuwajua hata kwa sura.

"Maras yumo humo humo kwenye treni, anawachunga maharusi kwa mbali," Kanali alisema. "Akiona polisi atazivunja chupa ndani ya behewa. Kwa hiyo ikitoka Kolašin treni isisimame mpaka Podgorica. Chukua kreti. Mkamate. Kimya kimya."

"Na maharusi?"

"Wasijue kitu."

Kolašin. Relja aliitupa pikipiki kwenye nyasi, akakimbia, akadaka mlango wa behewa la mwisho treni imeshaanza kutembea.

Aliwakuta katika chumba cha tatu. Msichana mwenye nywele nyekundu, simu mkononi, ramani imejaa kioo. Kijana amejiegemeza dirishani, jasho linamtiririka. Kreti ilikuwa chini ya meza.

Chupa moja ilikuwa juu ya meza.

Imefunguliwa.

"Karibu, kaka, kaa!" msichana alisema. "Mimi Tijana. Huyu ni Luka, mume wangu tangu Jumamosi. Usimshangae. Glasi moja tu imemlaza. Baba yangu anakunywa hiyo asubuhi halafu anapanda mtini kuchuma plamu!"

"Baba yako ni farasi," Luka alinong'ona.

"Mwone! Na wewe ulikula nini kwetu wiki nzima, kama si mkono wa huyo farasi?"

"Wewe hukunywa, dada?" Relja aliuliza.

"Mimi sinywi tumbo tupu. Huyu akasema zawadi ni zawadi, mwenye hoteli hatahesabu chupa."

Relja alijifanya anasogeza chupa. Kijiti cha kupimia sumu kilitokeza kwenye mkono wa koti lake, kikagusa tone mdomoni mwa chupa.

Kikawa cheusi.

Alitoka kwenye ujia wa behewa, akaufunga mlango wa kioo, akabonyeza kidude cha sikioni.

"Nipe daktari."

Sauti ya daktari wa Idara ilikuja haraka. "Amekunywa kiasi gani?"

"Glasi."





"Midomo imeanza kuwa ya bluu?"

"Ndiyo."

"Basi hakuna dawa, Relja. Hata angekuwa mezani kwangu sasa hivi. Kaa naye tu."

"Nikivuta breki—"

"Utasimamisha treni. Kifo hutakisimamisha."

Reli iliimba chini ya miguu yake. Mambo mengi alikuwa amefundishwa: kufungua kufuli, kumwangusha mtu mwenye kisu, kusema uongo kwa lugha nne. Hakuna alichofundishwa kwa ajili ya hili.

Akarudi ndani, akaketi.

Luka alimtazama. Alikuwa fundi umeme kutoka Užice, mtu wa kujua waya upi umekufa. Aliutazama uso wa mgeni, akaitazama chupa, akaelewa. Macho yake yakamwendea mkewe, yakamrudia Relja. Akatikisa kichwa kidogo sana.

Usimwambie.

"Haya, dada," Relja alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu. "Mkishuka Bari mnaelekea wapi?"

"Enhe! Sikiliza sasa." Tijana alikunja miguu kitini, kichwa cha Luka akakilaza begani kwake. "Kutoka Bari tunakata nchi mpaka Napoli. Maras alitaka tupande treni ya mwendo kasi, nikamwambia mzee, mimi siendi kuhudhuria kikao, nakwenda kutazama! Halafu Roma. Halafu Firenze, siku mbili, huyu anataka kuona kanisa lenye kuba. Halafu tunapanda mpaka Tirano, na hapo kuna katreni kekundu, Luka, kanapanda mlima kanazunguka kama konokono mpaka kwenye barafu..."

"Barafu," Luka alisema.

"Barafu, mwezi wa sita! Tutarushiana."

Treni ikaingia kwenye daraja la Mala Rijeka. Chini hapakuwa na kitu ila hewa, na mbali sana, uzi wa mto.

Mlango ukateleza.

Kosta Maras, suti ya kitani, ndevu nyeupe safi. Macho yakaangukia chupa iliyofunguliwa. Uso ukamfifia.

"Watoto wangu," alisema. "Niliwaambia ni ya mwenye hoteli."

Bastola ikatoka kotini, kiwambo cha kuzima sauti kimeshafungwa. Kwa mkono wa pili akainyakua kreti, akarudi kinyumenyume hadi kwenye ujia.

Relja aliupiga mlango teke.

Mlango ukabana kifundo cha mkono wa Maras wenye bastola. Risasi ikapasua taa. Relja akatoka na kiwiko, akampata shavuni, kreti ikaponyoka. Akaidaka kwa mikono yote miwili, na kwa hiyo akapigwa ngumi mbili za uso bila kinga. Hakuiachia. Aliishusha sakafuni polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Kisha akageuka.

Goti la tumbo. Bastola ya Relja, CZ 99, chini ya kidevu cha Maras. Pingu kwenye bomba la dirisha.

"Sikutaka wao wafe," Maras alihema. "Naapa. Hawa ni wateja wangu!"

Relja alikaza pingu.

Ndani ya chumba Tijana alikuwa amepiga magoti, akimpangusa mumewe paji la uso, akimwita. Aliita mpaka Podgorica.

Pale stesheni, watu waliovaa nguo nyeupe waliichukua kreti na chupa. Wengine walimchukua Maras. Wa mwisho walibeba machela, Luka juu yake amefunikwa uso.

"Mji mzima utakunywa maji salama leo," Kanali alisema sikioni. "Kazi safi."

Relja alichomoa kile kidude, akakitia mfukoni.

Tijana alisimama mbele yake, viatu mkononi.

"Ulijua. Ulipokaa chini ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nabwabwaja habari za treni! Kwa nini, we mtu? Kwa nini?"

"Kwa sababu Luka alikuwa anakusikiliza."

Alifuta damu mdomoni, akafunga kitufe cha koti, akatembea taratibu kuelekea lango la stesheni.