Mtoto wa Kompyuta ya Kwai

Jumatatu asubuhi, Beatha alipoingiza neno la siri kwenye kompyuta ya kituo cha maziwa cha Kwai, sauti ya mtoto ilisema, "Shikamoo, mama."

Alikuwa akijifunga kitenge vizuri, hakutazama hata. Tusimlaumu. Huku milimani salamu haiachwi ianguke chini.

"Marahaba," akaitikia. Kisha akageuka. Ofisini hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo, kila alipoingia kwenye kompyuta, sauti ilimsalimu, na ofisi ikanuka kichanga. Nyumbani, binti yake Lulu, wa miaka sita, akaanza kukonda. Zahanati walimpima mara mbili, wakasema hana ugonjwa.

Siku ya tisa Beatha alimwita Alen, fundi kutoka Tanga. Alen akafungua orodha ya programu zinazoanza zenyewe mtu anapoingia.

"Dada, umezisongamanisha kama kuku kwenye tenga! Lakini hii ya mwisho haina jina. Uliiweka wewe?"

"Mimi? Hata kuizima sijui."

Alen akaizima, akawasha mashine upya. Sauti ikasalimu. Kwenye orodha, programu ile ilikuwa imejiwasha. Akaizima tena, na tena, na mara ya nne feni ikanyamaza, na ndani ya mashine wakasikia kitu kikinyonya, polepole, kwa raha, kama mtoto aliyeshika titi, na kabla Beatha hajapiga kelele simu yake ikaita, jirani analia, anasema Lulu amezimia.

Alen akakusanya vifaa vyake. "Dada yangu, hii si kazi ya fundi."

Jioni hiyo Beatha, mwanakwaya wa Kilutheri, aliingia kwa mganga Bi Kibibi kwa mlango wa nyuma, Lulu mgongoni.

"Ulimwitikia?" Bi Kibibi alinong'ona.

"Nilimwitikia, bibi. Ni adabu tu."

"Basi ulimpokea awe mwanao, naye ananyonya fungu la huyu. Mtoto uliyemwitikia hazimwi. Kesho mtangulie. Mwamkie wewe."

"Nimwamkie jini? Si nitakuwa mwanawe mimi?"

Bi Kibibi alimtazama Lulu, mwepesi kama kikapu kitupu.

Asubuhi Beatha aliandika neno la siri, na kabla kioo hakijamaliza kuwaka, kabla ile harufu haijamfika kooni, akasema upesi, machozi yakimwingia mdomoni, "Shikamoo."

Sauti ikaja, nzito, ya mtu mzima.

"Marahaba, mwanangu."

Mchana Lulu alikunywa vibakuli viwili vya uji, akaomba cha tatu.

Jumamosi mama na mtoto walikuwa shambani wakipalilia viazi. Kule kituoni, karani wa zamu akawasha kompyuta. Beatha akaangusha jembe, akasimama wima, uso umeelekea barabara ya kituoni.

"Abee!" akaitika.

"Mama, nani kakuita?"

Beatha alikwisha kuanza kutembea.