Ubani wa Koko Zouhoura

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hayati alifagia ua, akateka maji, kisha akampelekea bibi yake, Koko Zouhoura, makaa ya chetezo. Waliishi katika vichochoro vya mji mkongwe wa Moroni, ambako harufu mbaya ikiingia haitoki. Kwa hiyo Koko alifukiza ubani kwa kila jambo: mgeni, homa, hata uvundo wa jaa.

Siku moja, katika miaka ile ambayo mamluki wa kizungu waliishika nchi, vijana walichoma matairi barabarani kuwapinga. Askari walikuja na kamanda wao, mmoja wa mamluki hao, wakawapiga vijana virungu vichwani, wakavunja meza za wachuuzi na kuzitupa motoni. Mchuuzi aliyeng'ang'ania meza yake alipigwa kitako cha bunduki mpaka meno yakamtoka. Hayati, aliyekuwa njiani kutoka shule, alikimbilia nyumbani, na moshi mweusi ukaja nyuma yake.

Ndani, mdogo wake Bourhane, mwenye pumu, alikuwa akikohoa. Koko alifunga madirisha, akamfunika shuka pamoja na chetezo ili ubani ufukuze ule uvundo. Yalikuwa mapenzi, lakini mapenzi ya kuua. Kifua cha mtoto kilipiga filimbi na midomo ikageuka buluu.

Hayati aliivuta shuka, akakipiga chetezo teke. Koko akamzaba kofi. Hayati alimbeba Bourhane mgongoni, akatoka mbio kuelekea baharini, upepo ulikotoka. Mwishoni mwa kichochoro askari alimpiga kirungu cha bega. Aliyumba, akapiga yowe la maumivu, lakini hakumwachia mtoto.

Ufukweni Bourhane alianza kupata pumzi. Koko aliwafikia akihema, wakampeleka hospitali pamoja.

Mtoto alipotulia, mwuguzi Abdoulkarim alimgeukia bibi. "Koko, mapafu hayatofautishi moshi wa tairi na moshi wa ubani. Moshi ukiwa nje, funga madirisha wala usiwashe kitu ndani. Moshi ukishaingia ndani, mtoe mtoto, mwende unakotoka upepo. Akishindwa kupumua, mlete hapa upesi."

Koko alilitazama bega la Hayati lililovimba, akalia waziwazi. "Mjukuu wangu, wewe ulikuwa unamwokoa, mimi namziba pumzi. Na juu ya hayo nikakupiga. Kuanzia leo, nyumbani kwangu hafukizwi mtu anayepumua kwa shida."